Mahali Tambarare

Gari la Telesphory lilikuwa linakula oili. Ndivyo alivyoamini mwenyewe, na hakuwa mtu mwepesi wa kubadili imani. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya chai, alitoka nje na kitambaa cheupe begani, akafungua boneti, akachomoa kipimio, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua usawa wa macho. Kila Jumamosi oili ilikuwa imeshuka chini ya alama ya chini. Basi alitikisa kichwa, akaongeza kidogo kutoka kwenye dumu, akafunga boneti na kurudi ndani. Yaris yenyewe ilikuwa kuukuu, ilikwishatumikia mabwana wengine Ubelgiji kabla ya kuletwa Kigali, na mwenye nayo hakuona ajabu kwamba uzeeni imeingiwa na ulafi. Hata yeye, tangu atimize miaka sitini, alikuwa na mambo yake.

Kazi hiyo ya kupima alifundishwa na baba yake, dereva wa lori la parokia kule Muleba, mzee ambaye fundi hakugusa injini yake bila yeye kusimama kando mikono kiunoni. Baba alimfundisha yote isipokuwa jambo moja, ambalo halikuhitaji kufundishwa kwa sababu uwanja wa parokia ulikuwa tambarare. Niboye, mtaa wake huo wa Kigali, hakuna uwanja wa parokia. Nyumba aliyopanga Telesphory ilikuwa chini ya barabara, unaiteremkia kwa ngazi, na gari lililala juu, kwenye kipande cha udongo kando ya geti, pua ikitazama mlimani. Hapo ndipo alipoliegesha kwa miaka minne, na hapo hapo ndipo alipolipimia.

Mtu yeyote mwenye gari angeweza kumwambia kosa lake, kama angekuwapo mtu wa kuongea naye. Hilo ndilo lililokuwa tatizo kubwa kuliko oili. Kigali ni mji wa watu wastaarabu, na ustaarabu wao, kwa mtu mpweke, ni adhabu. Hakuna anayekuingilia, hakuna anayechungulia sufuria yako, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi jana. Siku za umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Telesphory alitoka na fyekeo lake, akafyeka majani na majirani, akatabasamu pale wenzake walipocheka, maana Kinyarwanda chao kilikwenda mbio kuliko masikio yake, kisha akarudi nyumbani. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa alijibu kila ujumbe kwa kidole gumba. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na geti la kijani, na nyuma yake mwanamke ambaye alimjua kwa jina la Mama Rwema tu, kwa kuwa ndivyo mwuza maziwa alivyomwita. Walikuwa wamesalimiana mara chache, tena kwa mbali, kila mmoja akiharakisha kwake.

Na mkewe waliachana zamani, na mtoto hawakujaliwa. Kampuni ya kutoa mizigo forodhani iliyomleta Kigali ilikuwa imemaliza mkataba naye kwa heshima, kwa soda na hotuba fupi. Angeweza kubaki, akiba ilikuwapo. Lakini mwezi wa pili alipata malaria. Alilala Ijumaa akitetemeka, akaamka asijue ni siku gani, akatambaa hadi bombani, akarudi kulala. Hakuna aliyegonga geti. Alipopata nguvu ya kukaa kwenye ngazi aliota jua akajiambia maneno yale waziwazi: ningekufa humu, wangenijua kwa harufu.

Siku hiyo hiyo alimpigia simu mdogo wake Frederick kule Muleba. “Nikiuza gari, narudi nyumbani,” alimwambia. Mwenye nyumba, Mugenzi, hakuwa na neno. Gari likipata mnunuzi wiki hii, Telesphory aondoke Jumatatu, kwani alikuwapo mpangaji mwingine anayengoja. Likikosa, huyo mwingine angetafutiwa pengine na Telesphory abaki. Kulivusha gari mpakani Rusumo kungekuwa kesi ya ushuru na karatasi zisizokwisha, kwa hiyo halikuwa la kwenda naye. Safari yote ikaning'inia kwenye Yaris.

Akapatikana Gratien, mfanyabiashara wa mayai wa Nyakabanda, aliyeona picha kwenye simu na kuahidi kuja Jumamosi mchana. Ijumaa Telesphory akapeleka gari kuoshwa. Pale pa kuoshea palikuwa na sakafu ya zege tambarare, na kijana aliyekuwa akifuta vumbi la injini aliacha boneti wazi. Kwa mazoea tu, mkono wa Telesphory ukaenda kwenye kipimio. Akakipangusa, akakitia, akakichomoa, akakitazama. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya juu, tena imepanda sana, inakaribia nusu ya chuma. Akafikiri amekosea. Akarudia, ikawa vile vile.

Alirudi nyumbani, akaegesha mahali pake, akangoja, akapima. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Akateremka ngazi. Chini, kwenye daraja la mwisho lililotitia upande mmoja, kulikuwa na karai la maji ya kuloweka nguo, na maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni upande wa bondeni, huku upande wa mlimani bati likionekana kavu. Telesphory alilitazama karai hilo muda mrefu. Kisha akaanza kucheka. Miaka minne amelilisha gari lililoshiba, na lenyewe, maskini, likijitahidi kuchoma ziada na kuitoa kwa moshi, naye akiona moshi anasema linakula oili, anaongeza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akageuka amtafute wa kumsimulia, na kicheko kikaisha hapo hapo.

Jumamosi aliamka na uamuzi. Hawezi kumwuzia mtu gari lililojaa oili hadi kooni. Ataimwaga yote, abadili na filta, aweke mpya kwa kipimo cha haki, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini ataimwagia wapi? Barabarani mteremko, tena kumwaga oili barabarani Kigali ni kutafuta faini na aibu kwa pamoja. Kwake gari haliingii. Alisimama kando ya Yaris, jeki na spana mkononi, akalitazama geti la kijani. Mara nyingi akiwa kando ya gari aliwahi kuona kupitia upenyo wa geti lile ua mpana uliosakafiwa, hauna hata gari.

Akavuka. Aligonga kwa spana, akaona haya, akagonga tena kwa vidole.

“Ni nde?” sauti iliuliza kutoka ndani.

Kinyarwanda chake chote kikamtoroka. “Ni jirani,” alisema kwa Kiswahili, na neno lenyewe likamshangaza, kwani hakukumbuka kama aliwahi kulitumia Kigali.

Geti likafunguka mara moja. Mama Rwema alikuwa mwanamke aliyepita makamo, mfupi, kitenge kimefungwa kifuani juu ya sweta. Alimtazama usoni, akatazama jeki, akarudi usoni.

“Samahani sana, mama. Naomba mahali tambarare,” alisema Telesphory, na alipojisikia akaona ombi hilo halina kichwa wala miguu.

“Tambarare ya nini, muzee?”

Alisema kwa Kiswahili. Tena lafudhi yake ilimpiga Telesphory moyoni, kwa sababu ilikuwa ya kwao kabisa, ya ng'ambo ile ya Kagera. “Unajua Kiswahili?” aliuliza kama mtoto.

“Nilizaliwa Karagwe. Nikasoma huko mpaka darasa la saba, ndiyo tukarudi huku. Lakini sasa Kiswahili yangu iko na kutu, sina mtu wa kuongea naye.”

Telesphory alitaka kusema jambo, akaliona kubwa mno kulisemea getini. Akaeleza habari ya oili badala yake. Mama Rwema alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaenda kufungua komeo la bawa la pili. “Ingiza,” alisema. “Marehemu mume wangu ndiye alisawazisha hapa. Alikuwa na pikapu. Alisema gari ikilala mlimani inaota vibaya.”

Ua ulikuwa umesakafiwa kwa matofali ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Telesphory aliacha injini iungurume kidogo ili oili ipate moto na kuwa nyepesi, akaizima, akaweka mawe nyuma ya matairi, akainua pua kwa jeki na kuisimamisha juu ya magogo mawili. Kisha akatandika gunia, akaingia chini na beseni. Nati ya kumwagia ilikuwa imekazwa na miaka. Ilipoachia, oili ikatoka nyeusi, ya moto, ikaja, ikaendelea kuja. Beseni likajaa. “Mama, samahani, una chombo kingine?” aliita kutoka chini ya gari. Mama Rwema akaleta ndoo iliyotoboka juu. Nayo ikachukua.

“Hii gari imekunywa kama ng'ombe,” alisema. Alikuwa amejiletea kigoda na kukaa karibu na taa ya mbele. “Miaka yote unailisha tu?”

“Yote.”

Akacheka, na Telesphory, mgongo chini na tone la oili kwenye nyusi, akacheka naye. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka na mtu.

“Mimi nakuonaga,” Mama Rwema alisema kicheko kilipotulia. “Kila Jumamosi. Unainua ile chuma juu, unaangalia, unatikisa kichwa. Mwanzo nilifikiri unasali.”

“Unanionea wapi?”

“Pale dirishani. Ndipo ninaponywea chai. Ukifunga boneti najua ni saa ya kulisha kuku.”

Telesphory alitoka chini ya gari. Alipangusa mikono polepole, maana hakujua aiweke wapi. Kwa muda wote huo aliamini kwamba akiwa pale nje na kitambaa chake hakuna jicho la binadamu linalomwona. Alifungua filta ya zamani, akahakikisha mpira wake haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, akapaka oili safi kwenye mpira wa ile mpya kwa ncha ya kidole na kuikaza kwa mkono tu, kwani filta haikazwi kwa hasira. Oili chafu alitaka kuiondoa, Mama Rwema akamkataza. Kibanda cha kuku kilikuwa kinaliwa na mchwa, akasema, na nguzo zikipakwa oili hiyo mchwa hawasogei.

“Unaifanyia usafi hivi, unakwenda safari?” aliuliza.

“Naliuza. Mnunuzi anakuja mchana. Likiuzwa naondoka Jumatatu, Mugenzi mwenye nyumba ana mpangaji anayengoja, narudi Muleba moja kwa moja. Lisipouzwa nitabaki.”

Mama Rwema alisogeza kigoda chake nyuma. “Ni vizuri,” alisema. “Nyumbani ni nyumbani.”

Ni lile neno vizuri lililomchoma. Mtu mzima akikaa na donge muda mrefu hulitapika pasipo mahali pake, na Telesphory akalitapika pale, mbele ya mwanamke aliyemfungulia geti. Alisema mji huu mtu anaweza kuoza ndani ya nyumba yake na jirani akapita na mwavuli. Alisema mwezi wa pili malaria ilimlaza, hana maji, hana uji, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyegonga geti lake. Alipomaliza alikuwa anahema.

Mama Rwema alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge. “Nilikuja,” alisema.

“Ulikuja wapi?”

“Kwako. Ile Jumamosi hukutoka kupima. Nikasema labda umesafiri, lakini gari iko pale. Jioni nikavuka barabara, nikasimama kwa geti yako. Nikakusikia unakohoa. Nikasema, anakohoa, basi ni mzima. Nikarudi. Kesho yake nikaja tena, nikakusikia tena.”

“Ukarudi tena.”

“Nikarudi. Nilikuwa na uji kwenye chupa.” Alitazama mikono yake. “Nikaunywa mwenyewe.”

“Kwa nini hukugonga?”

“Nigonge niseme nini? Mimi mjane, wewe mwanaume peke yako, tena mtu wa ofisi. Na hukuwa unanisalimia vizuri.”

“Wewe ndiye hukuwa unanisalimia,” alisema Telesphory.

“Nilifikiri hutaki.”

Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, na hapa walikuwa wawili waliojifunika gubigubi, barabara moja kati yao. Telesphory alikasirika kwanza, akamkasirikia yeye na geti lake na chupa yake ya uji. Hasira hiyo ikakaa kidogo, ikashindwa kupata pa kushika, ikatoka. Kilichobaki kilikuwa furaha yenye maumivu: mtu aliliona pengo lake. Mtu aliona Jumamosi yake haikufika, akavaa viatu akaja. Akajua papo hapo, bila mjadala, kwamba hataki tena kwenda Muleba. Hakulisema. Alishusha gari kutoka kwenye magogo, akamimina oili mpya taratibu, taratibu kuliko ilivyohitajika. Akaiwasha injini, akachungulia chini kama kuna inayovuja, akaizima, wakangoja ishuke. Kisha akapima. Ilikaa katikati ya alama mbili, rangi ya asali.

“Leo hukutikisa kichwa,” alisema Mama Rwema.

Simu ikalia. Gratien alikuwa juu ya pikipiki, amekwishapita Kicukiro. Na hapo Telesphory akafanya kama alivyolelewa. Aliona si adabu kumwingiza mgeni asiyemjua katika ua wa mjane bila kuomba, akaona tena haya kuomba mara mbili kwa siku moja. Akashukuru sana, akatoa gari nje haraka, na kwa mazoea akaliegesha pale pale pa siku zote, pua mlimani. Geti la kijani likarudishwa nyuma yake.

Gratien alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye macho ya haraka. Biashara ya mayai humfundisha mtu kutazama kila kitu kana kwamba kina ufa. Alizunguka gari, akabonyeza matairi, akafungua na kufunga milango akiisikiliza, akasoma karatasi zote. Uso wake ukaanza kulainika. Kisha akafungua boneti, akachomoa kipimio, akakipangusa kwa karatasi laini, akakitia na kukichomoa.

Akakitazama. Akarudia. Chuma kilikuwa kikavu, kimeloa kidogo tu nchani.

“Muzehe,” alisema, “hii gari haina mafuta ya moteri.”

Telesphory alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari kinywani, mafupi, ya kweli: hapa ni mlimani, oili imeegemea nyuma, tulisogeze mahali tambarare. Na katika kufungua huko mdomo akaona kwamba hana haja ya kusema uongo wowote ili abaki. Inatosha anyamaze. Akaufunga.

“Nimetoka Nyakabanda,” Gratien aliendelea. “Picha nzuri, karatasi nzuri, kumbe moteri iko kavu. Iko na tundu? Inakula mafuta?”

“Sijui,” alisema Telesphory.

“Hujui? Gari ni yako, hujui?”

Telesphory aliinua mabega. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha ya wizi. Alikwishamwona Mugenzi akikubali abaki, Frederick akinung'unika kwenye simu, na Jumamosi ijayo, yeye akivuka barabara na kipimio mkononi, sasa akiwa na sababu. Acha mtu wa mayai aende na miguu yake.

Gratien akafunga boneti kwa nguvu. “Muzehe, wewe ni mwongo,” alisema, bila kupaza sauti.

Kumwita mtu mzima mwongo mchana kweupe, barabarani, ni jambo zito popote, na kwa utulivu wa Niboye lilisikika hadi ukutani. Telesphory alilimeza. Lilikuwa chungu, lakini alikuwa tayari kulimeza na jingine la pili.

Geti la kijani likafunguka. Mama Rwema alivuka barabara bila kukimbia, kitenge kimekazwa upya, na akaanza na Kinyarwanda ambacho Telesphory hakukielewa ila kwa jinsi Gratien alivyoshusha macho. Kisha akahamia Kiswahili, ili mzee naye asikie anavyotetewa.

“Mwanangu, huyu si mwongo. Hapa ni mlima. Pua ya gari iko juu, mafuta imekwenda nyuma, chuma haiifikii. Hata maji kwenye karai inafanya hivyo. Ingiza kwangu, pima huko.” Yote hayo alikuwa ameyajua asubuhi ile ile, akayasema kwa uhakika wa fundi.

“Mama, acha tu,” alisema Telesphory kwa sauti ya chini. “Usijisumbue.”

“Siachi,” alisema Mama Rwema. Alidhani ni adabu.

Akafungua mabawa yote mawili ya geti na kulishikilia moja kwa mgongo wake gari lipite. Wakangoja uani, watatu, oili itulie. Gratien akapima. Akapima tena. Akakielekeza kile chuma kwenye jua na kuona oili safi ikiwa imekaa pale inapotakiwa.

“Umeona?” alisema Mama Rwema. “Namwona huyu miaka minne. Kila Jumamosi anapima. Mvua ikinyesha anatoka na mwavuli, anashika mwavuli kwa bega anapima. Hakuruka hata Jumamosi moja, ila ile aliyougua. Gari ya mtu wa namna hiyo unanunua ukiwa umefumba macho.”

Hakuna aliyewahi kumsema Telesphory vizuri namna hiyo tangu aje Kigali, hata siku ya soda na hotuba. Kila neno lilimwinua, na kila neno lilimsukuma hatua moja kuelekea Rusumo. Alimtazama Mama Rwema akitaka macho yake yamwambie anyamaze. Yeye akamjibu kwa tabasamu la mtu aliyekuwa akidaiwa chupa ya uji na sasa ameilipa.

Gratien akatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. “Unisamehe, muzehe. Nimekosa adabu.” Naye Telesphory akaupokea. Angesema nini? Kwamba gari ni bovu? Mbele ya mwanamke aliyeapa kwa ajili yake? Wakaweka sahihi juu ya boneti, malipo yakapita kwenye simu, ufunguo ukatoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Yaris ikapanda barabara vizuri, ikakunja kona kwenye duka la mkate, ikaenda zake.

Walibaki wawili getini.

“Kwa nini ulisema?” Telesphory aliuliza.

Mama Rwema alishangaa. “Amekuita mwongo. Ningemwacha?” Kisha, kidogo kidogo, akaanza kumtazama kwa namna nyingine. “Lakini wewe ulinyamaza. Ulijua ni mlima. Kwa nini hukumwambia?”

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Telesphory alisema jambo lilivyo. “Nilitaka asinunue. Nilitaka nibaki.”

Mama Rwema aligeuza uso upande wa kibanda. Kuku walikuwa wanapiga kelele nyuma ya nyumba, saa yao ya kula ilikuwa imepita zamani. Alifuta uso kwa kiganja, akakisahau hapo mdomoni.

“Ungeniambia,” alisema mwishowe. “Ningemwambia gari ni bovu. Ningeapa.”

“Najua.”

“Sasa mpangaji wa Mugenzi?”

“Mugenzi nimekwishampa neno, likiuzwa natoka. Huyo mpangaji anahamia Jumatatu.”

Mama Rwema alitikisa kichwa, na wakasimama hivyo, hakuna aliyejua namna ya kuingia kwake. Kisha akakaza tena kitenge.

“Basi ya Rusumo inaondoka saa ngapi?”

“Alfajiri.”

“Nitakuja kugonga,” alisema, “usije ukachelewa.”

Telesphory akasema asante, akavuka barabara.